Bomba Lililofunguliwa kwa Wageni

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ya mwisho ya lile bomba kufunguliwa kwa ajili ya wageni. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, nikikata mkonge kwenye shamba moja upande wa Makindu. Siku nyingine zote bomba la kambini lilikuwa kavu, nasi wanawake tulichota mtoni, chini ya pale kiwanda cha mkonge kilipomwaga maji machafu. Mutua wangu alikuwa anaharisha, hata kulia hawezi.

Asubuhi nyapara alipita nyumba kwa nyumba. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wametuma mtu wa kuangalia tunavyoishi. "Mkiulizwa, maji iko," akasema. "Mwenye mdomo mrefu atahama leo." Ningempeleka wapi mtoto mgonjwa?

Waliotumwa zamani walikula mbuzi wa meneja, wakaliona bomba, wakaenda zao. Safari hii alikuja mama mmoja wa Mbooni, Mkamba kama sisi. Alisema atakula akimaliza kazi. Aliyatazama maji yakitiririka, kisha akatutazama sisi kwenye paji la uso. Unajua Wakamba mtungi tunaubeba mgongoni, mkanda ukipita kichwani. Alama ya mkanda ilikuwa bado mbichi kwetu sote, maana alfajiri tulikuwa mtoni.

Hakutuuliza neno. Alinigeukia tu. "Mama, chukua mtungi. Twende unionyeshe mahali mnachotanga maji."

Nyapara akataka kufuata. "Wewe baki," akamwambia. "Hii ni kazi ya wanawake."

Mtoni aliyachota kwa kiganja, akayanusa, akayamwaga. Hapo ndipo nikasema yote, nikilia. Alirudi akamwambia meneja kwamba hatatia sahihi karatasi ya kusema tunaishi vizuri, akaondoka bila kula. Baadaye, wanunuzi walipopata habari, bomba lilifunguliwa, na halikufungwa tena. Mutua hakuwahi kuyanywa maji yake. Uchungu huo sijauzoea mpaka leo.

Sasa umeniambia utakagua mashamba ya kakao nchi za mbali. Mimi mti wa kakao sijawahi kuuona, lakini anayeuvuna ana mikono na mgongo, vitazame. Usile kwa mwenye shamba kabla hujamaliza. Usimuulize mfanyakazi na mkubwa wake amesimama hapo. Mwombe akupeleke anakochota maji na anakolala. Na ukitumwa, usikawie. Mungu akutangulie, mwanangu, akufikishe kabla mama mwingine hajazika.