Dakika Ishirini za Kimya

Zadock wa Kabiria haogopi kitu duniani ila kimya. Akiingia kwa kinyozi akakuta watu wamenyamaza, ataanza kuwatambulisha wao kwa wao. Kwa miaka kumi na minne alikuwa MC wa harusi na matanga, kutoka Kabiria hadi Riruta, hapa Nairobi, na kwa MC wa kwetu programu ikinyamaza hata dakika moja, aibu ni yake. Mimi ni dereva tu, lakini nimemsikia kwa masikio yangu akiwaambia wafiwa wampigie marehemu makofi.

Krismasi iliyopita vijana wa kanisa walileta MC anayecheza dansi huku akitangaza, na Zadock akasahaulika. Ndipo alipoomba kazi ya kutembeza wageni katika ofisi ndogo ya Madam Prabha, kule Westlands, ninakoendesha gari. Madam akampa siku moja ya majaribio, Jumamosi moja ya Mei: wageni kumi na wawili, asubuhi mjini, mchana kwenye hekalu la Wabudha kule juu Kitisuru, siku ya Vesak, sikukuu yao ya kuzaliwa kwa Buddha. Akifanya vizuri, kazi ni yake. Mtu mwenye akili angengoja. Zadock alisimama kanisani Jumapili iliyotangulia akatoa ushuhuda kwamba ameshaajiriwa, mkewe Nyawira kando yake, na kanisa zima likaimba.

Siku yenyewe tulianzia Jumba la Kumbukumbu za Taifa. Kila kigoda alichokiona, Zadock alisema kilikaliwa na chifu. Debra, mgeni mmoja, mama wa Spring Valley, akauliza kama nchi hii haikuwa na watu wa kawaida.

"Walikuwepo, madam. Lakini hao walikuwa wanakaa chini."

Madam Prabha, aliyekuwa akitufuata na kidaftari, akaandika kitu. Bustani ya Jeevanjee tulimkuta mhubiri akiunguruma, na Zadock, badala ya kuwasogeza wageni kando, akashindana naye kwa sauti. Mhubiri ndiye aliyechoka kwanza. Tukielekea Kitisuru nikamwambia apunguze maneno, kichwa kinaniuma.

"Dere, wewe endesha gari," akanijibu.

Hekaluni palipendeza kweli. Bendera za rangi zilipepea, watu walivaa nguo nyeupe, na viatu vilipangwa mlangoni kwa mistari. Zadock alipovua vyake, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Mtawa, mzee wa joho la rangi ya chungwa, akatangaza kwamba sasa wataketi kimya dakika ishirini, kila mmoja asikilize pumzi yake. Akaweka maiki mkekani, akafumba macho. Mimi nilisikia, nimesimama pale mlangoni. Zadock hakusikia, maana alikuwa jikoni akiwauliza kina mama kama chakula kina nyama.

Aliporudi mlangoni akakuta watu zaidi ya mia wameketi macho yamefumbwa, maiki imelala peke yake. Nilimwona akianza kutoka jasho.

"Dere, programu imekufa," akaninong'oneza. "MC wao ako wapi?"

"Zadock, wacha."

"Zii. Siwezi angalia mkutano ikiaibika hivi na mimi niko hapa."

Ningeweza kumweleza. Ningeweza hata kumshika koti, maana alikuwa karibu. Sikumshika. Alikuwa amenisumbua tangu asubuhi, na nilitaka kuona. Akapita kati ya watu, akaiokota maiki.

"Bwana asifiwe!" akanguruma kwenye maiki.

Macho yakabaki yamefumbwa.

"Sijasikia! Bwana asifiweee! Haya, geukia jirani yako, mwambie umependeza!"

Bibi mmoja mzee, kwa adabu tu, akafungua macho, akamgeukia mtawa na kumwambia amependeza. Mtawa akamshukuru. Kisha akagonga mkeka kando yake.

"Karibu, ndugu yangu. Tunakaa kimya kidogo. Keti hapa na sisi."

Zadock akaketi, maiki mapajani, kidole kikiwa nje. Dakika zilizobaki alizimaliza akiutazama uso wa Madam Prabha, na Madam hakufumba macho hata mara moja.

Njiani wageni walicheka mpaka Westlands, na Debra akasema hajawahi kufurahia safari hivyo. Nikadhani Zadock ameponea. Wageni waliposhuka, Madam akampa Zadock mkono.

"Asante sana, Zadock. Nitakupigia."

Anayetaka kukuajiri Nairobi hukwambia uje Jumatatu saa mbili. Zadock alilijua hilo kuliko mimi.

Nikampeleka Kabiria. Kawangware tulipita hajasema neno, Riruta pia hakusema. Siku nzima nilikuwa nimeombea mdomo ule ufungike, na sasa ulipofungika sikuweza kuuvumilia. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu wale wale walioimba wangemuuliza kazi inaendeleaje, na Nyawira angekuwa kando yake.

Alipofungua mlango wa gari, nikamwambia, "Bwana asifiwe."

"Amina," akasema, kwa sauti ya chini.

"Sijasikia!"

Akanitazama. "Dere, wewe ulikuwa hapo mlangoni tangu mwanzo. Ulisikia huyo mzee akitangaza?"

Nikakaa kimya.