Klabu ya Viti vya Kukunja

Norma Pacetti hakuwahi kuutia ufunguo wa gari mkobani. Pete ya ufunguo aliivaa kidoleni, na ufunguo wenyewe aliufumbata kiganjani: kanisani, dukani, kwa daktari wa macho, hata siku walipomzika mumewe, Gino. Ukimwuliza kwa nini, alikutazama kana kwamba umeuliza kwa nini watu huvaa viatu. "Ufunguo ukizoea mkoba, gari litazoea banda," alisema, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Corinne Haas aliujua ufunguo huo kabla hajamjua mwenyewe. Ilikuwa jioni yake ya kwanza katika klabu ya wenye magari ya zamani ya Rambler, yaliyoundwa mjini kwao Kenosha, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, na wanachama walikuwa wakijadili rangi ya koti la klabu hata kahawa imepoa. Viti vitupu vilikuwa tele. Lakini nyuma kabisa mwanamke mfupi, mwenye mvi zilizokatwa kama za mvulana, alikuwa amesimama, akigonga ufunguo wake kwenye bomba la joto. Ngo, ngo, ngo.

"Norma, tafadhali," alisema mwenyekiti, Dwight Haugen.

"Tafadhali nini? Nasubiri mfike kwenye magari."

Hawakufika kwenye magari jioni ile. Walifika kwenye vifungo vya koti.

Corinne alikuwa na miaka arobaini na tatu, shahada ya historia, na kazi katika ofisi ya maji ya mji. Baba yake, Leland, mwanachama wa zamani wa klabu, alikuwa amefariki wakati wa theluji, akawaachia yeye na kaka yake Todd gari moja: Rambler ya mwaka 1964, kijani kilichopauka, gia tatu kwenye usukani na klachi nzito kama mlango wa kanisa. Corinne hakuwahi kuendesha gari lisilojibadilishia gia lenyewe. Todd hakutaka hata kujaribu. Yeye alikuwa ameshampata mteja, mtu wa Illinois mwenye mkahawa, aliyetaka kulikata gari katikati na kuligeuza meza, wateja wakae ndani wale mayai na viazi.

"Gari ni la kuendeshwa, Cori," Todd alimwambia. "Wewe unalifuta vumbi tu. Mkutano mkuu wa klabu ni Septemba, kwenye bustani ya ziwani, sivyo? Lifikishe ziwani siku hiyo, mwenyewe, kwa magurudumu yake, na mimi sitalitaja tena. Ukishindwa, jamaa anakuja na tela."

Basi Corinne akajiunga na klabu. Alidhani klabu ya wenye magari ni watu wanaosaidiana kuwa na magari. Katika mkutano wa pili wakampa koti, na katika wa tatu, kwa kuwa alikuwa msomi, wakampa ukatibu. Kujifunza kuendesha hakukuwa kwenye ajenda.

Kiangazi kilipofika akajionea walichokuwa wakikifanya. Jumamosi asubuhi magari yaliletwa kwenye bustani ya ziwani, mengi yakiwa juu ya tela. Yalishushwa na kusukumwa hadi kwenye majani, yakafunguliwa boneti. Kisha kila mtu akakunjua kiti chake, akakiweka nyuma ya gari lake, akaketi. Wakaketi hivyo hadi alasiri, wakila soseji na kuwasubiri waamuzi wenye glavu nyeupe waje kukagua kama skrubu za kichujio cha hewa ni za asili. Aliyepata kikombe alipigiwa makofi na watu walioketi.

Norma peke yake hakuwa na kiti. Alikuwa amekuja na gari lake kwa barabara, kama alivyokwenda nalo misani na sokoni tangu yeye na Gino, wote wawili wafanyakazi wa kiwanda kilekile kilicholiunda, walipolinunua wakiwa wachumba. Alililaza bandani siku chumvi ya kwanza ya kuyeyusha theluji ilipomwagwa barabarani, akaliamsha mvua ya Aprili ilipoiosha. Alama za waamuzi alipata chache, kwa kuwa gari lilikuwa na mikwaruzo. "Mikwaruzo ni ya asili," aliwaambia. "Niliitia mwenyewe."

Siku hiyo alimkuta Corinne amejiinamia kando ya gari la Leland.

"Wewe binti wa Leland. Lako limekuja na tela pia?"

"Ndiyo, Bi Norma. Sijui kuliendesha."

"Na umemwomba nani akufundishe?"

"Nimemwomba mwenyekiti. Amesema ataipeleka hoja kwenye kamati ya elimu."

"Kamati ya elimu!" Norma aliangua kicheko kisicho na furaha. "Kamati ya elimu ni Vern na Harold. Vern amehamia Arizona. Harold husinzia hata akiwa anasema."

Lililomvunja uvumilivu Norma lilikuja kwenye gwaride la tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Klabu ilikuwa imeuahidi mji msafara wa Rambler. Watu walijipanga kandokando ya barabara na bendera zao, bendi ikapita, wazima moto wakapita, kisha ikaja klabu. Gari la Norma lilitangulia, likinguruma. Nyuma yake yalifuata malori mapya yanayong'aa, na kila lori lilivuta tela, na juu ya kila tela Rambler ilikuwa imefungwa kwa mikanda kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Mwenyewe alikaa ndani ya gari lililobebwa, ameshika usukani, akipunga mkono. Corinne naye alikuwa humo, ndani ya koti, akipunga mkono. Mtoto mmoja aliyebebwa begani alipiga kelele hadi barabara nzima ikasikia:

"Baba, mbona magari yamepanda magari?"

Watu walicheka. Corinne aliendelea kupunga mkono, kwa sababu hakujua la kufanya na mkono huo.

Kwenye mkutano uliofuata Norma hakugonga bomba. Alikwenda mbele.

"Nataka kuuliza," alisema. "Huyu binti amekaa nasi tangu machipuko. Tumempa nini? Koti. Mjane wa mwenzetu Earl alikuja hapa na gari asiloweza hata kuliwasha. Tulimpa nini? Kadi ya rambirambi, na mwezi uliofuata gari likauzwa. Humu ndani kuna watu wanaoweza kuitambua kabureta mbovu kwa kuinusa. Halafu tunakaa! Tunakaa nyuma ya magari kama wafiwa. Jumamosi moja ya kila mwezi, nawaomba. Anayejua aje, asiyejua aje, tuchafue mikono. Wa kuendesha aendeshe. Likizimika njiani, kuwe na mtu wa kumpigia simu. Ni mengi hayo?"

Dwight Haugen, mzee mrefu mwenye sauti ya upole, alizipanga karatasi zake zilizokuwa zimepangika.

"Norma, ni wazo zuri. Lakini kila jambo lina utaratibu. Kuna suala la bima. Napendekeza liahirishwe hadi msimu wa vuli."

"Dwight, tangu Gino yuko hai unaniahirisha! Mimi mwenyewe nitaahirishwa karibuni!"

Waliunga mkono kuahirisha. Kisha wakarudi kwenye suala la kofia, kama ziendane na koti.

Pale nje Norma alimshika Corinne kiwiko. Ufunguo ulikuwa baridi kwenye ngozi. "Jumamosi. Uwanja wa lile duka lililofungwa. Kaka yako si ndiye hulileta gari kwa tela? Mwambie alishushe na aondoke. Tuwaachie hawa makoti yao."

Somo la kwanza lilikuwa aibu tupu. Gia ya kwanza: uvute mkono wa gia kwako na ushushe. Ya pili: uusukume mbele na upandishe. Ya tatu: shusha. Kwa maneno ni mchezo wa watoto. Lakini baina ya ya kwanza na ya pili kuna mahali patupu, ambapo mkono haujashika kitu na injini haivuti kitu, na kila alipofika hapo Corinne alisita. Alisikiliza. Alijiuliza kama amekosea. Gari likapunguza mwendo, likatetemeka, likazima.

"Unangoja nini hapo katikati?" Norma aliuliza.

"Sijui. Nahakikisha."

"Baba yako alikuwa hivyohivyo. Alihakikisha hadi mboga ikapoa. Washa."

Jumamosi ya pili habari zilikuwa zimeenea, na wanachama walifika. Corinne alipoyaona malori yakiingia moyo ulimpanda: hatimaye! Wakashuka. Wakafungua milango ya nyuma. Wakatoa viti vya kukunja.

Wakavipanga mstari mmoja kwenye kivuli cha ukuta, wakaketi, na wakaanza kufundisha.

"Ongeza mafuta, dada!"

"Usiongeze mafuta, utaizamisha injini!"

"Klachi! Klachi! Siyo hiyo, hiyo breki!"

"Leland alilianzisha hili kwa gia ya pili, nilimwona!"

"Ulimwona Leland wapi, wewe ulikuwa usingizini!"

Gari likaruka kama chura, likazima. Mstari mzima ukaguna kwa pamoja, kama kwenye mpira. Corinne aliweka paji la uso juu ya usukani. Alikuwa amechoka na viti, na makoti, na sauti za wazee waliojua kila kitu na hawakutaka kuinuka. Alifikiri: basi na walikate tu, watu wale mayai.

Norma alishuka. Aliuvuka uwanja polepole, mkono kifuani, jambo ambalo Corinne alilikumbuka baadaye, akasimama mbele ya Dwight.

"Inuka."

"Norma..."

"Inuka, Dwight. Una gari safi kuliko yote mji huu, na sijakuona ukiliendesha tangu lini? Kaa na binti, umwonyeshe ile ya pili. Mguu wako ni mwepesi kuliko wangu."

Dwight hakuinuka. Alitazama mikono yake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo wale wa mwisho wa mstari hawakuisikia lakini Corinne aliisikia kupitia dirisha lililo wazi: "Goti la kushoto, Norma. Halikanyagi klachi tena. Yapata miaka sita."

Norma alimnyooshea ufunguo.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita unaniletea bima! Si ungesema, mjinga wewe? Nani angekucheka? Harold? Harold hana nyonga!"

Harold aliyekuwa kitini aliinua mkono, kuthibitisha.

Corinne, aliyekuwa amezoea kuandika neno "limeahirishwa" bila kulifikiria, aliwatazama wale waliokuwa kwenye kivuli, mmoja baada ya mwingine, na safari hii aliona magoti, na macho, na mikono inayotetemeka ikifichwa mifukoni mwa makoti mazuri. Hakuwaonea huruma sana. Bado walikuwa wamemwudhi. Lakini alielewa viti vile vilikuwa vya nini.

"Haya," Norma alisema. "Wewe huna goti, yeye hana ujuzi. Nyinyi wawili ni dereva mmoja kamili. Ingia garini."

Dwight akaingia, akiuinua mguu wake kwa mikono miwili. Alinukia nta ya kung'arishia gari na pipi za mnanaa. Alipouweka mkono wake mkubwa juu ya mkono wa Corinne kwenye gia, hakusema neno juu ya utaratibu. "Usisikilize," alimwambia. "Sukuma tu mbele, kama unafunga droo." Wakauzunguka uwanja, wakauzunguka tena, na mara ya tatu Harold akasimama ili aone vizuri. Jumamosi iliyofuata mjukuu wa mwanachama mmoja aliletwa ili goti lake zima limkanyagie babu klachi. Mjane wa Earl naye alikuja, ingawa hakuwa na gari tena, akakaa nyuma akishika mishikio miwili na kucheka. Viti vilikuwepo. Vilikuwepo hadi mwisho, na hoja yenyewe haikupitishwa rasmi. Kwa ile kofia walipiga kura mara mbili.

Norma aliacha kuja mwezi wa Agosti. Daktari alikuwa amemkataza kuendesha, lakini kwa simu Norma alisema ni joto tu. Siku ya mkutano mkuu Corinne alilitoa gari la baba yake peke yake, asubuhi, barabara ikiwa na magari mengi kuliko alivyoomba. Kwenye taa nyekundu ya Barabara ya Sheridan alisimama wa kwanza, na nyuma yake wengine wakajipanga. Pale pembeni, mbele ya duka la mikate, alimwona Norma amesimama kwa miguu yake, amevaa kanzu ya nyumbani, ufunguo kidoleni.

Corinne alifika ziwani. Todd alikuwa amesimama kwenye majani, na alipomwona anaingia, gari likinguruma na yeye ndani yake, alitoa simu mfukoni na kumwambia mtu wa Illinois atafute meza nyingine. Dwight alimletea kiti. Corinne alikikataa, akabaki ameegemea boneti, ufunguo kiganjani, akiitazama njia aliyodhani Norma angeijia.

Norma hakuja. Moyo wake ulisimama kabla ya wiki kwisha, nyumbani kwake, na Rambler zilizomsindikiza kaburini zilikwenda kwa magurudumu yao, isipokuwa mbili. Kwa hiyo neno lake la mwisho kwa Corinne lilibaki lile la kwenye taa, ilipogeuka kijani na gari likasogea kwa gia ya kwanza, likiunguruma, na Corinne akafika pale mahali patupu akasita, honi zikilia nyuma, na yule mwanamke mfupi akashuka kwenye ukingo wa njia, akapiga ufunguo kwenye nguzo ya taa, ngo, ngo, na kupaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa amebakiza:

"Ya pili, mwanangu! Ya pili! Unangoja kamati?"