Shingo ya Sumaiya

Mpelekee Haidari pikipiki yenye usukani uliopinda, na kabla hajashika spana atakuuliza, "Nani kaupinda?" Ukimwambia umeukuta hivyo asubuhi, atacheka mpaka mafundi wenzake wa gereji ya pale Bakoba wageuke. Kwake yeye chuma hakijipindi, na hapo hana kosa. Kosa lake lilikuwa kurudi na swali hilohilo nyumbani.

Mkewe Asha alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Sumaiya, mama yake Asha alikuja kutoka Muleba kumtunza mzazi mpaka arobaini. Bi Rahima ni mwanamke wa maneno machache, lakini mikono yake haitulii. Asubuhi mapema uji wa mzazi uko tayari, nguo zimeanikwa, na mtoto yumo kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Baadaye anapakwa mafuta, anakandwa, ananyooshwa mikono na miguu. Haidari alikuwa akichungulia mlangoni roho mkononi. Alivyoona mtoto anavyogeuzwageuzwa, alitamani kumpokonya. Lakini mkwe ni mkwe, akanyamaza.

Jumapili moja, mtoto akikaribia mwezi, Haidari alikaa kitandani, upande wa kushoto wa mtoto, akamwita binti yake kwa kupiga vidole. Macho yalikuja, kichwa hakikuja. Akamshika kidevu taratibu amgeuze. Shingo ilikuwa ngumu, na mtoto akapiga ukelele uliomfanya auondoe mkono haraka. Alishasikia habari za watoto wanaokakamaa shingo, na alijua nyingine zilivyoishia. Aliogopa kweli, nisimsingizie. Ila Haidari akiogopa hutafuta mtu.

Na mtu alikuwepo sebuleni, anawamiminia chai majirani waliokuja kumwona mzazi. Haidari akatoka na mtoto mikononi.

"Mama, umemtegua shingo mwanangu!" alifoka. "Nilikuwa nakuona unavyomkanda. Mtoto si nguo ya kufua!"

Mtu kumpandishia sauti mama mkwe wake, tena mbele za wageni! Majirani waliinamia vikombe vyao. Bi Rahima aliweka birika chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mawe!" alisema kwa sauti ndogo, kama wanavyoshtuka kwao Muleba. "Mpelekeni hospitali."

Wao walipotoka kwenda hospitali, yeye alikuwa anafunga begi lake, na mchana ule alipanda basi la Muleba. Arobaini haikuwa imefika.

Daktari alimpima mtoto joto, akamgusa utosi, akauliza ananyonyaje. Homa hakuna, na ananyonya vizuri.

"Si homa ya uti wa mgongo," alisema, kisha akapapasa shingo polepole. "Msuli wa upande huu ni mfupi kidogo. Amezaliwa nao hivi. Wengine hukaa vibaya tumboni."

"Kwa hiyo hakuna aliyemfanya?" Haidari aliuliza.

"Ulitaka awepo?"

Daktari akawaonyesha namna ya kuinyoosha shingo kidogokidogo, akaongeza kwamba mtoto alazwe hivi kwamba mlango na watu wawe upande asiopenda kutazama, ili ajigeuze mwenyewe akiwatafuta.

Walipofika nje, Asha alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama alishamgeuza. Wiki ya kwanza tu alimlaza kichwa kikae miguuni mwa kitanda, ajigeuze kuutafuta mlango. Alisema mjukuu wake anapenda upande mmoja mno. Wewe ukamrudisha, ukasema mambo ya shamba hutaki kuyaona nyumbani kwako."

Haidari alikumbuka vizuri, mpaka sauti aliyoitumia siku ile. Aliona aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Wiki hiyo ukiletwa usukani uliopinda, aliunyoosha bila kumuuliza mtu.

Ijumaa baada ya swala walipanda basi kwenda Muleba, na sukari na doti ya kanga kwenye mfuko. Uani kwa Bi Rahima, mbele ya mashemeji na majirani, Haidari alipiga magoti.

"Mama, nimekudhalilisha mbele za watu. Nisamehe."

"Inuka waitu, mkwe wangu, utachafua suruali. Yamekwisha."

Akawapikia ndizi kwa maharage, na sahani ya Haidari ndiyo iliyojaa kuliko zote. Alikula kila tonge kwa aibu.

Jioni Asha alileta beseni, akamnyooshea mama yake mtoto kama siku zote. Bi Rahima akaiingiza mikono yote miwili ndani ya kanga.

"Mwogeshe wewe, baba Sumaiya," alisema. "Mimi nitakushikia sabuni."

"Mama, tafadhali."

"Nimekusamehe, mwanangu. Kweli nimekusamehe. Ila mikono yangu inaogopa."

Basi Haidari akaogesha, kucha zake nyeusi kwa oili, machozi yakimchuruzika hata hakuyafuta. Bi Rahima alisimama upande wa kushoto wa mtoto akimwelekeza: shika kisogo, taratibu, usimwachie. Sumaiya aliisikia ile sauti. Macho yakatangulia, kisha kichwa nacho kikaanza kufuata, kinatetemeka, hakikufika hata nusu ya njia. Alikuwa anamtafuta bibi yake. Na bibi yake alisimama palepale, sabuni mkononi, asimguse.