Kurasa Kumi na Moja Nilizozitoa kwenye Kitabu cha Mzee Marcellin

Jumatano saa kumi jioni, binti yangu aliingia nyumbani akiwa amevaa fulana ya watu wanaotaka nifukuzwe nchini.

Fulana nyeusi, ngumi ya manjano kifuani. Hapa Bellevue kila mtu anaijua. Ikionekana mtaani, Wakongo, Warundi na Watanzania tunashusha milango ya maduka.

Naitwa Bertrand. Ni Mrundi, na nina miaka ishirini na mbili Johannesburg. Chumba changu cha mbele kina kompyuta moja na printa mbili. Nachapa barua za ukimbizi, maombi ya kazi na ratiba za mazishi. Mke wangu, Candide, anasuka nywele barabara ya Rockey.

Kelly ana miaka kumi na tisa. Kazaliwa hapa. Ukimsikia akiongea Kizulu kwenye simu, huwezi kudhani ana mzazi kutoka Bujumbura.

"Hiyo fulana umeitoa wapi?"

"Papa, usianze."

"Nimeuliza."

"Wote tumepewa. Jumamosi tunaandamana."

"Kumfukuza nani?"

"Si nyinyi. Wale wauza madawa."

"Wanalijua jina lako la ukoo?"

"Eish, Papa."

Hawakulijua.

Nilijiandaa kukutana na chuki. Chuki ningeijibu. Lakini Kelly hakuwa na chuki. Alikuwa na furaha, na sikuwa nimemwona hivyo tangu akiwa mdogo. Alinieleza mazoezi ya uwanjani, mistari iliyonyooka, wimbo.

"Pale hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Maisha yangu yote naulizwa, Papa. Pale mtu nisiyemjua alinishika mkono tu, basi."

Akatafuta maneno. Alipoyapata, yalitoka kwa Kiswahili safi ambacho si chake.

"Miguu mia mbili, kishindo kimoja. Hata njaa ilituogopa."

Nikaweka kikombe mezani.

Sentensi ile niliijua. Niliitoa kitabuni mimi mwenyewe.

Miezi miwili nyuma, Mzee Marcellin aliniletea madaftari manne. Ni mtu wa Uvira, Kongo, mlinzi mstaafu, tunasali naye. Alikuwa ameandika habari za ujana wake katika kundi la vijana wenye silaha wakati wa vita, naye alitaka nakala thelathini za kugawa kanisani.

Nilichapa kila neno, nikatoa nakala ya kusahihisha, nikaanza kuisoma. Katikati nikakuta kurasa kumi na moja za raha tupu. Sare mpya. Uji wa sufuria moja. Wimbo wa asubuhi. Kijana aliyeitwa mjinga shuleni sasa anapigiwa saluti. "Sikuwahi kupendwa namna ile," aliandika.

Nilishtuka. Mimi ni katibu wa kanisa. Shuhuda zaidi ya mia zimepita mikononi mwangu. Ushuhuda una utaratibu wake: nilikuwa mwovu, niliteseka, Bwana akanitoa. Hakuna anayesimama mbele ya waumini kusema dhambi ilikuwa tamu.

Nikazitoa kurasa zile. Sikumwuliza mwenyewe. Nilidhani namsitiri.

Kwangu karatasi haitupwi, kwa sababu upande wa nyuma bado mweupe. Nilizitia kwenye boksi ambamo Kelly huchukua karatasi za kuandikia masomo yake ya uuguzi.

"Ulizisoma," nikamwambia.

"Kwa sauti. Kiswahili nakielewa kwa masikio. Nimezisoma mara tatu, Papa. Nani aliandika? Ni kama ananijua! Nikasema, kama kuna mahali hivi, nataka kuwa hapo. Wiki ileile rafiki yangu wa chuo akaniita uwanjani."

"Na mwisho wake uliusoma?"

"Mwisho upi? Zilikuwa kumi na moja tu."

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Marcellin nikamweleza yote. Hakupandisha sauti.

"Papa Kelly, umetoa ile?"

"Nilitaka kukulinda, Mzee."

"Kunilinda na nani? Ile njo kitabu, ndicho chenyewe. Bila ile, mtu atasoma aseme: huyu alizaliwa mnyama, mimi si mnyama. Atafunga kitabu, atalala vizuri."

Akainuka kutafuta madaftari yake.

Ijumaa mchana alikuja na daftari la pili. Candide akaleta chai. Kelly akaketi, fulana ikiwa mwilini, mikono kifuani.

Mzee alisoma kurasa za raha kwanza. Alizisoma akitabasamu, na tabasamu lile halikuwa la kuigiza. Kelly naye akatabasamu. Kisha, bila kupumua, mzee akafunua ukurasa uliofuata.

Siku ileile ya sare mpya, wimbo ukiwa bado midomoni mwao, walikwenda nyumbani kwa Damien. Damien alikuwa fundi cherehani. Sare zile alizishona yeye. Alifungua mlango akiwa na futi ya kupimia shingoni, akacheka.

"Karibuni, wanangu. Zinawabana?"

Kazi ya Marcellin ilikuwa kuongoza wimbo. Aliimba kwa nguvu zaidi ili asisikie yaliyofuata.

Mzee alifunga daftari. "Sauti yangu ilikuwa nzuri," alisema. "Hiyo njo inaniuma mpaka leo."

"Alikosa nini?" Kelly akauliza.

"Baba yake alikuwa wa upande ule mwingine. Sisi hatukujua. Mmoja wetu aliuliza jina la ukoo."

Kelly alishika pindo la fulana.

Jumamosi Candide hakufungua saluni. Kelly alitoka chumbani akiwa na blauzi ya kawaida. Simu yake iliita mara sita, akaigeuza kifudifudi.

Saa tano asubuhi wimbo ulifika kabla ya watu. Niseme ukweli: ulikuwa mzuri. Sauti za chini zinaanza, za juu zinapokea, halafu kishindo. Mtu alipiga geti letu kwa rungu, mara mbili, akapita.

Candide alimshika Kelly mkono. Kelly alikuwa analia. Lakini chini ya meza mguu wake ulikuwa unafuata mdundo.

Nikainama nimkemee.

Ndipo nikauona mguu wangu. Nao ulikuwa unapiga.

Kitabu nimekichapa upya. Kurasa kumi na moja zimerudi mahali pake, na mlango wa Damien unafuata palepale, bila hata mstari mmoja mtupu katikati. Fulana bado ipo kabatini kwa Kelly, imekunjwa vizuri. Sijathubutu kumwuliza kwa nini hajaitupa.

Wewe unayewasimulia wanao habari za vita, usiwaambie kwamba waliotenda walikuwa mashetani. Waambie kulikuwa na wimbo, na wimbo ulikuwa mtamu. Kisha, kabla hawajamaliza kutabasamu, waonyeshe aliyefungua mlango.