Mstari Mzuri wa Mtumbwi wa Krisanti

Sina mvi, mdogo wangu, na huenda ukacheka ukiona najifanya mzee. Lakini ipo asubuhi moja iliyonizeesha, na nakuomba uisome kabla hujaipenda kazi yako kama nilivyoipenda yangu.

Nilikuwa naishi kwa mama mkubwa, hapa Malangali. Kazi nilijifundisha mwenyewe, kwa simu na kompyuta kuukuu: kukadiria upepo na mkondo wa Ziwa Rukwa, ili wavuvi wa kule bondeni, Milepa na Kaoze, wajue siku ya kutoingia majini. Vipimo vya ziwani sikuwa navyo, kwa hiyo nilitumia vinavyotembea juu ya maji. Kuna ndege aina ya mwari waliofungwa na watafiti vifaa vya kuonyesha walipo. Wakitulia juu ya maji, maji huwachukua. Mtumbwi nao ni hivyo hivyo. Usipopigwa kasia, huenda unakopelekwa, na njia yake hukuonyesha mkondo usioonekana kwa macho.

Krisanti, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mvuvi huko. Alikubali nimfungie simu yangu ya zamani kwenye mtumbwi, ndani ya kopo lisiloingia maji. Alinicheka sana.

"Mshikaji, umeanza na ndege, sasa mimi? Kesho utamfunga kiboko!"

Shida yake ni kwamba hakuwa anatulia. Kila mara alipiga kasia, na mstari wake kwenye ramani ukawa umejikunja kama nywele. Nami, Mungu anisamehe, silali kitu kikiwa na kasoro. Nilimwomba auache mtumbwi uelee, japo kidogo.

"Nikae tu kama mwari? Samaki utanipa wewe?"

Asubuhi hiyo nilifungua ramani nikakuta mstari safi, laini, hauna mkunjo hata mmoja. Nilifurahi mno. Nikadhani amekubali ombi langu, amejilaza mtumbwini. Nilitaka kumpigia nimshukuru, nikaahirisha. Niliogopa akiamka angeshika kasia, aniharibie mstari.

Soma hapo tena, mdogo wangu. Mimi hupasoma moyoni kila siku.

Mchana nikampelekea mama mkubwa ramani hiyo uani, alikokuwa akipepeta ulezi.

"Mama, tazama mwanao alivyonisaidia! Mtumbwi unakwenda na maji tu. Hakuna mtu anayeupiga kasia."

Ungo ukasimama.

"Hakuna mtu?"

Nilianza kumweleza. Kisha maneno yangu mwenyewe yakanirudia masikioni.

"Mpigie," akasema.

Simu aliyokuwa nayo Krisanti haikupatikana.

Nikawapigia wavuvi wenzake, wakaukuta mtumbwi pale pale ramani ilipoonyesha, ukiwa mtupu. Wakaniuliza wamtafute wapi. Nikarudi nyuma kwenye ramani, mpaka mahali ambapo mikunjo iliisha na mstari ukaanza kuwa mzuri. Hapo ndipo alipoangukia. Nikapiga hesabu ya mahali ambapo maji yangempeleka mtu, si mtumbwi, nikawaambia. Walimkuta kwenye matete. Tangu nianze kazi hii sijawahi kutoa utabiri sahihi kama ule.

Msiba ulipokwisha, mama mkubwa aliniita. Hakupaza sauti.

"Ungekuwa hujui, ningekusamehe upesi. Lakini ulikuwa unamwona. Tangu asubuhi ulikuwa unamwona."

Nikamwambia huenda alikuwa ameshafariki kabla sijafungua ramani.

"Huenda," akasema. "Basi kaa nayo hiyo huenda. Na mimi nakaa nayo."

Bado nafanya kazi hii, maana upepo wa bonde haujaacha kuua watu. Ila nimekuwa mwoga, na sitaki kupona woga huo. Nakusihi: ukiona nukta inatembea kwenye ramani, kwanza jua ni nani, ana mama gani, yuko hai au la. Kitu kikiwa kizuri kupita kawaida, usikishangilie, piga simu. Akipokea akakuharibia kazi yako yote, mshukuru Mungu, kaa chini uanze upya. Kazi yangu mimi haikuharibika, ndiyo maana sina amani.

Mungu akupe macho ya kuona mbali, mdogo wangu. Na kila utakayempigia, apokee.