Swali Lililokaa Sandukuni

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya misheni, upande wa Meru, juu kidogo ya Kikatiti. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, sijaolewa, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha mtu mwingine yeyote pale jirani, ukiwatoa wamisionari wenyewe. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kiingereza hicho ndicho kilichoniponza.

Tulikuwa tumetoka kwenye uchaguzi, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja kwenye karatasi ileile. Mlimani kwetu waliopiga kura walikuwa wachache, maana ilibidi uwe na elimu, au kipato, au cheo. Lakini Mwafrika aliyeshinda alikuwa mtoto wa palepale kwetu, na hata wale walionyimwa karatasi walichinja mbuzi.

Wiki chache baadaye mwenyekiti wa wakulima wa kahawa alikuja shuleni kuniona. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, baba," nilimwambia.

"Marahaba, mwalimu. Tumemtuma mtu Dar es Salaam. Sasa wewe, ukimtuma mtu sokoni, akirudi unamwangalia usoni?"

"Hapana, baba."

"Unaangalia kikapu. Tunataka utuangalizie kikapu."

Alikuwa amesikia kwamba kila neno linalosemwa katika Baraza la Kutunga Sheria huandikwa na kupigwa chapa, kitabu kimoja kwa kila siku ya kikao. Vitabu hivyo vingeletwa kwa posta hadi sanduku la misheni. Kazi yangu ingekuwa kuvisoma na kuwaeleza watu mjumbe wetu kasimama mara ngapi, kasema nini, kauliza nini, na kura yake kaiweka wapi.

Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu katika duka moja mjini Arusha, nikalipiga mistari kwa rula. Kila Jumamosi mchana, vitabu vikiwa vimefika, nilishuka hadi ghala la kahawa, nikasimama mbele ya meza ya mizani na kusoma. Wanaume waliokuwa wakikaa juu ya magunia walinipisha nipite. Wanawake walisimama mlangoni na mizigo yao. Nikisema, "Mjumbe alisema ndiyo kuhusu sheria ya barabara," watu waliitikia kama kanisani.

Niseme ukweli: nilipenda sana. Nyumbani kwetu nilikuwa binti wa nne, mtu wa kutumwa maji. Pale ghalani vikongwe walinyamaza wakinisubiri nifungue ukurasa. Nikaanza kuongeza chumvi kidogo. Mjumbe akiwa amekaa kimya siku nzima nilisema, "Siku ya tatu mjumbe wetu alikwenda kupumzika," na watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini mimi nilisikia kicheko tu.

Basi ikaja habari ya njia.

Kati ya kijiji chetu na barabara kuu ya Arusha na Moshi palikuwa na shamba la mzungu. Tangu zamani wanawake walikata katikati yake na ndizi zao vichwani kwenda soko la Kikatiti. Meneja mpya alipofika alifunga njia kwa seng'enge. Ikabidi wanawake wazungukie korongoni, mwendo wa saa nzima zaidi, na mvua ikinyesha korongo halipitiki. Mjumbe alipokuja kuwasalimu watu, wanawake walimweleza jambo hilo mbele yetu sote. Alitoa kalamu, akaandika, akasema, "Mama zangu, nitaliuliza kikao kinachokuja."

Kikao kikaja, kikapita. Kilikuwa cha siku nane. Vitabu vikaanza kufika, viwili leo, kimoja kesho, mpaka nikawa na saba. Nilivisoma vyote, nikavirudia. Swali la njia halikuwamo.

Kitabu cha siku ya sita sikuwa nacho. Nililijua hilo. Niliona tano, nikaona saba, nikasema moyoni huenda siku ya sita hawakusema la maana. Jumamosi ilipofika ghala lilijaa hadi nje, maana wanawake wote wa njia ile walikuwa wamekuja. Mmoja wao aliniuliza kwa sauti, "Mwalimu, ameuliza?"

Ningeweza kusema, "Kimebaki kitabu kimoja, tusubiri." Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Lakini watu wale walikuwa wametembea kuja kusikia ndiyo au hapana, na mimi nilitaka kuwa mtu anayejua.

"Hakuuliza," nilisema. "Nimesoma kurasa zote."

Mama mmoja akabeba ndizi zake, akasema, "Haya, tuzunguke korongoni," na wenzake wakamfuata.

Mjumbe alikuwa mbali, Dar es Salaam, na hasira za watu hazingeweza kumfikia. Zikamfikia mama yake. Alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye kihamba chake cha kahawa na migomba, mbali kidogo na kanisa. Kwetu kahawa ikiiva majirani huchumiana, leo kwangu, kesho kwako. Msimu ule hakuna aliyekwenda kwake. Hawakumtukana. Walimsalimia kanisani kwa ncha za vidole, wakapita. Buni zake ziliiva, zikawa nyeusi, zikaanza kukaukia mtini.

Alikuja shuleni siku moja, akanisubiri nje ya darasa mpaka kengele ikagongwa.

"Mwalimu, mwanangu ameniandikia barua," alisema. "Mchungaji amenisomea. Anasema aliuliza."

"Mimi sikuona, mama."

"Umeangalia vitabu vyote?"

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba kimoja hakijafika. Hakuniuliza kwa nini ghalani sikulitaja hilo. Alisema tu, "Kikija utaniambia," nikasema, "Nitakwambia, mama."

Kitabu kilikuja siku kumi baada ya hapo. Bahasha ilikuwa imelowa na kukauka, ina mhuri wa Moshi. Kilikuwa kimepelekwa kusikohusika. Nilikifungulia palepale getini. Swali lilikuwa ukurasa wa pili. Mjumbe wetu aliuliza kama serikali inajua kuwa wanawake wa kijiji chetu, akakitaja kwa jina, wamefungiwa njia waliyoitumia tangu enzi za bibi zao, na serikali itafanya nini. Alijibiwa kwamba jambo linachunguzwa. Akasimama tena, akauliza uchunguzi utakwisha lini. Akajibiwa kwamba hilo haliwezi kusemwa kwa sasa. Akasimama mara ya tatu, na Spika wa Baraza akamwambia aketi.

Nilikiweka ndani ya sanduku langu la bati, chini ya nguo.

Nilikusudia kukisoma Jumamosi. Naapa nilikusudia. Lakini Jumamosi ile mwenyekiti wetu alikuwa na wageni, wazee kutoka Moshono waliosikia habari za daftari letu na kutaka kuanzisha lao. Aliwaambia, "Huyu binti hana upendeleo. Mjumbe ni mtoto wetu wenyewe, lakini aliponyamaza alitwambia amenyamaza." Wazee wale walitingisha vichwa. Mmoja wao, mtu wa umri wa babu yangu, alisimama kunipa mkono. Nikasoma habari za ushuru na za reli. Nikajiambia, Jumamosi ijayo.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha. Ile ya tatu nilisema naumwa.

Katikati ya hayo mama wa mjumbe alirudi. Alikuwa ameniletea maziwa kwenye kibuyu. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na kuingia weusi wa utomvu, maana alikuwa anachuma peke yake, mwanamke wa umri ule, anavuta matawi.

"Kimefika?" aliuliza.

"Bado, mama."

Alishukuru. Nakumbuka alishukuru, akaniambia nisichoke kufuatilia, akaondoka bila kibuyu chake, nikabaki nacho mkononi. Nilikunywa yale maziwa. Sikujua nifanye nini nayo, na kuyamwaga ilikuwa dhambi nyingine.

Siku ya nne baada ya hapo, shule ilipofungwa mchana, nilijifunga kanga, nikachukua kapu na kukiweka kitabu ndani yake, nikapanda kwenda kwake. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika nilimkuta juu ya kigoda anafikia tawi, na maneno yote yalinipotea. Nikasema, "Shikamoo, mama. Nimekuja kukusaidia kuchuma."

Alishuka kwenye kigoda akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, mwalimu. Wewe ni wa kwanza."

Tulichuma alasiri yote. Alinisimulia habari za mwanawe alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa akibishana na mbuzi. Alicheka mwenyewe. Kila sentensi yake iliniongezea mzigo. Niliona kwamba nikimaliza mstari huu nikaenda zangu, atalala akiniombea. Hilo ndilo nililoshindwa kulibeba.

"Mama, kitabu kilifika," nilisema.

Mikono yake haikusimama. "Lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

Akachuma tawi lile mpaka likaisha. "Kwa hiyo siku ile nilipoleta maziwa."

"Kilikuwa sandukuni."

"Na mwanangu aliuliza?"

"Aliuliza. Alisimama mara tatu."

Aliweka kapu chini, akaketi kwenye kigoda, akajifuta mikono kwa kanga, polepole, kidole kwa kidole. Nilingoja anifukuze. Ningefurahi angenifukuza.

"Kisome," alisema.

Nikaanza kwa Kiswahili. Akanizuia. "Kwanza kama alivyosema yeye."

Nikamsomea Kiingereza, ambacho hakujua neno lake hata moja. Aliinamisha kichwa akasikiliza hadi mwisho, swali na majibu, hata pale mwanawe alipoambiwa aketi. Kisha nikamsomea kwa Kiswahili, na mwisho kwa Kimeru, ili pasibaki kitu.

"Alikuwa anasimama hivyohivyo hata kwa baba yake," alisema. Akanyanyuka, akachukua kapu. "Jumamosi utasoma?"

"Nitasoma."

Nilisoma. Mama wa mjumbe alikuja, akasimama mlangoni pamoja na wale wanawake waliokuwa wakimpa ncha za vidole. Nilianza kwa kusema kwamba siku ile nilikosea, kwamba nilitamka hapana ilhali kitabu kimoja nilikuwa sina. Hapo nilitulia. Yaliyobaki yalikuwa tayari, wiki tatu, sanduku, maziwa. Lakini mwenyekiti aliingilia kwa upole: "Posta hii! Barua yangu ya Lemara ilikaa mwezi mzima." Watu wakaguna na kuilaumu posta. Mtu mmoja alisema wazungu wamekificha makusudi. Nilimtazama mama wa mjumbe. Alikuwa ananitazama. Alikuwa na haki ya kufumbua mdomo pale, na hakufumbua.

Nami nikakubali iwe posta. Nikafungua ukurasa wa pili.

Wiki ile wanawake walikwenda kwake wengi, na makapu yao, wakiimba. Wakachuma zilizobaki. Nyingi zilikuwa zimekwisha kuwa kavu, zinaanguka ukigusa tawi. Mmoja alilia na kumwomba radhi, naye akamwambia, "Mlisikia mlichosikia." Nilikuwa mti wa pili kutoka pale.

Njia haikufunguliwa na swali lile. Ilifunguliwa baadaye kabisa, shamba lilipobadili mikono, na kufikia wakati huo wanawake walikuwa wamekwisha kukanyaga njia nyingine. Daftari niliendelea nalo vikao viwili zaidi. Niliandika kwa uangalifu mkubwa, kila kitabu na siku yake, na pale pasipo na kitabu niliandika "sina". Mizaha niliiacha. Watu walisema nimepoa. Kisha nikamkabidhi mwalimu mwingine, nikisingizia maandalizi ya harusi, ingawa harusi yenyewe ilikuwa bado mwaka mzima.

Mama yule hakuwahi kunitaja kwa yeyote. Tulipokutana kanisani alinipa mkono kamili, kiganja kwa kiganja. Mara nyingi nilitamani aniseme, hata mara moja tu, hata kwa fumbo. Kimya chake kilikuwa cha wema, najua, lakini kiliniacha na jambo ambalo hakuna mtu wa kulipunguza.

Alifariki bendera ikiwa imekwisha kubadilishwa. Kwenye mazishi mwanawe, ambaye siku hizo alikuwa na kazi kubwa serikalini, alipita akiwashukuru watu. Aliponifikia alisimama. Aliwaambia waliokuwa karibu kwamba zamani, watu wake walipomwona msaliti, ni mwalimu huyu aliyesimama ghalani akasema, "Nimekosea," na kwamba katika siasa hajaona mtu wa pili aliyefanya hivyo. Akanishika mkono. Alikuwa na macho ya mama yake.

Nilisema asante.