Niliambiwa Si Lazima, Nikamponza Shangazi

Jina langu mtaniwia radhi silitaji, maana Mji wa Kale ni mdogo na shangazi yangu yungali hai. Makosa ni yangu mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna wakati nilimtwika mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kompyuta niliisomea wiki sita, nikapewa cheti. Cheti chenyewe nikakitia fremu na kukitundika sebuleni, juu ya picha ya marehemu baba! Watu wa mtaa wakaanza kuniita Injinia. Walikuwa wakinidhihaki, lakini mimi nikawa naitika.

Kompyuta yangu ilikuwa ya pekee katika kichochoro chetu hapo Kibokoni. Mke wangu aliifumia kitambaa cheupe, na wageni wakija tulikifunua kidogo waione. Kazi kubwa iliyokuwa ikifanya ni kuchapa barua ambazo ningeweza kuziandika kwa mkono.

Basi ikaja harusi ya dada yangu mdogo, Rukia. Kwetu harusi si pilau wala si mavazi. Harusi ni nani amealikwa na nani ameachwa. Mtu hata awe jirani wa ukuta mmoja, asipoalikwa haji, wala haulizi. Atajifungia ndani, na maneno hayo yatasemwa mpaka wajukuu wake wazeeke.

Mwenye kuyajua hayo yote alikuwa Shangazi Mwanasha. Alikuwa na daftari lake la miaka mingi, ameandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa katika chuo cha Kurani wanawake wa rika lake. Kila nyumba na watu wake, nani aalikwe na mkwewe, nani asikalishwe karibu na nani. Ukoo mzima ulikuwa ukimtegemea. Harusi ikikaribia, wanawake walikuwa wakipanga foleni kwake.

Mimi Injinia nikaenda nikamwambia, "Shangazi, daftari hili limechakaa. Nipe nilitie kwenye kompyuta. Safari hii tutaalika kwa kadi, kila mtu na jina lake limechapwa."

"Na halitapotea humo?" akaniuliza.

"Shangazi! Kompyuta haisahau."

Akanipa. Nikayachapa majina yote, zaidi ya mia nne, na nilipomaliza nikalitupa daftari katika boksi la makaratasi mabovu ambayo humpa muuza karanga wa karibu na Ngome ya Yesu. Maandishi ya Kiarabu yale, kina Abdalla na Abdulrahman humo ndani, majina yaliyobeba jina la Mungu, nikayapeleka yakafungiwe karanga! Shetani mwenyewe nadhani alinitazama akaona sina haja ya msaada wake.

Wiki mbili kabla ya harusi kompyuta ikazimika. Nikamwita fundi Mutua, mtu wa bara, mpole, mwenye maneno machache. Akasema ubao mkuu umeliwa na chumvi ya bahari. Akatia mwingine mpya, akaiwasha, na majina yetu yote yakawa yamo salama. Kisha akanikabidhi sidii iliyokuja na ubao ule.

"Humu mna madereva ya diski," akasema.

Shangazi alikuwa amekaa hapo, amekuja kuulizia kadi zake. "Dereva? Kwani hini kompyuta yuwaipeleka wapi?"

Mutua akacheka, akamweleza kwamba ni programu ndogo tu, ya kuielekeza kompyuta namna ya kusema na diski inayohifadhi vitu. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini si lazima. Ukipenda weka, usipopenda acha. Inafanya kazi vizuri hivi ilivyo."

Sasa nisikilizeni hapa, maana kosa langu ndipo lilipozaliwa. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale. Kwetu mtu akikwambia "si lazima", amekuamrisha. Mama mkwe akisema "ukipenda pita kesho", wewe usipopita kesho jifikirie utalala wapi. Mwenye nyumba akikwambia "kahawa si lazima", ukaondoka bila kunywa, umemtukana. Ndivyo tulivyolelewa, adabu yetu yote imo katika kusikia lile ambalo mtu hakulisema.

Mutua hakulelewa hivyo. Mutua alisema si lazima kwa sababu haikuwa lazima! Basi! Lakini mimi nikamwona muungwana, anasitasita kuniamrisha nyumbani kwangu.

Siku mbili nilizunguka na sidii ile. Naiweka mezani, naitazama, naondoka. Siku ya tatu, Jumamosi mchana, nikaitia. Na kompyuta nayo, wallahi, ikaniandikia kitu kile kile kwa Kiingereza: hii ni ya hiari. Nikasema moyoni, tazama, hata mashine ina adabu. Nikabonyeza.

Ikajizima, ikajiwasha, ikaleta kioo cheusi na mstari mmoja mweupe unaosema diski haionekani.

Haionekani! Diski imo ndani, nasikia inavyonguruma, lakini kompyuta inasema haiijui. Mtu mwenye akili hapo angemwita Mutua. Mimi nina cheti sebuleni, nitamwitaje Mutua? Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, nikatia disketi ya kuanzishia, mpaka likaja swali: diski itayarishwe upya, ndiyo au hapana? Neno "itayarishwe" nikaliona zuri, tunatayarisha harusi hata sisi. Nikajibu ndiyo.

Ilichukua nusu saa kufuta kila kitu, nami nikiitazama kwa furaha nikidhani inapona.

Mutua alikuja Jumatatu, akaikagua. Kisha akasema lile dereva lingeweza kuondolewa, na majina yalikuwa yamo bado, mpaka nilipojibu ndiyo. Akauliza kama nilikuwa na nakala kwenye disketi. Disketi ya nakala nilikuwa nayo. Ilikuwa mpya kabisa, haijafunguliwa hata nailoni yake.

Nikakimbilia kwa muuza karanga. Akaniambia makaratasi amegawana na wenzake, na mengine yamekwenda Marikiti kwa wauza viungo. Nikaanza kununua karanga. Siku nne mfululizo, kila muuza karanga kutoka Ngome hadi Makadara, nafungua kifurushi natazama karatasi. Nyumbani tukala karanga mpaka watoto wakaugua tumbo. Nilipata kurasa tatu, moja ina mafuta haisomeki.

Yaliyobaki nikayaandika kwa kichwa changu. Kadi zikatoka nzuri, zikasambazwa. Shangazi sikumwambia lolote. Ningemwambia tu siku ile, angeyataja majina yote mia nne kwa kinywa chake, na mambo yangekwisha. Lakini Injinia aende akaseme amepoteza?

Nikamsahau Bi Tima.

Bi Tima wa Kuze ni shoga wa shangazi tangu chuoni. Wamesoma pamoja, wameolewa mwaka mmoja, wamefiwa na waume wote wawili. Kila alasiri mmoja alikuwa akimpitia mwenzake. Mimi nilimwona kila siku ya maisha yangu, na labda ndiyo sababu sikumkumbuka kama mtu wa kuandikwa.

Alizipokea habari za kadi kwa majirani zake wa kulia na kushoto. Yeye hakuletewa. Siku ya harusi madirisha yake yalikuwa yamefungwa. Shangazi alimtafuta kwa macho mpaka bibi harusi anatoka. Siku ya tatu yake, Bi Tima akamrudishia dele la kahawa ambalo lilikaa kwake miaka kumi. Alimpa mjumbe bila salamu.

Shangazi akaja kwangu amelishika dele lile. "Mwanangu, Tima mulimpelekea kadi?"

"Hakuwemo kwenye daftari, Shangazi."

"Nilimuandika. Nakumbuka. Yeye wa kwanza kabisa."

Nikamtazama mama yule, aliyekuwa akinitilia maji ya kuoga nikiwa mtoto, nikamwambia, "Hukumuandika. Kompyuta haisahau."

Aliligeuza dele mkononi. Kisha akasema polepole, "Basi ni miye. Kitwa kishakwenda."

Mungu anisamehe. Ningeweza kuyala maneno yangu pale pale, na sikuyala!

Tangu siku ile akawa mwingine. Pilau anauliza mara tatu kama ametia chumvi. Mlango anaufunga, anarudi kuutazama. Wanawake walipokuja kumuuliza majina ya harusi nyingine, aliwaambia waende kwa mtu mwenye akili timamu. Alasiri alikaa peke yake na dele mbele yake, halijachemshwa kitu. Mimi nilipita nikamwamkia, nikaenda zangu kazini.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja Bi Tima akanunua bizari Marikiti. Alipofika nyumbani akaimimina, akataka kutupa karatasi, akaona herufi za Kiarabu. Sisi karatasi yenye herufi zile haitupwi chini, hukunjwa ikatiwa mahali pa heshima. Akainyoosha aikunje vizuri. Akaujua mwandiko. Juu ya ukurasa paliandikwa: "Tima, shoga yangu. Yeye kwanza."

Alitembea na karatasi ile, ina manjano ya bizari, mpaka Kibokoni kwa shangazi. Mimi nilikuwapo. Aliingia bila hodi, akaiweka mapajani mwa shangazi, akasema, "Kumbe uliniandika! Mwanasha, kumbe uliniandika!" Wakalia wote wawili, wameshikana mikono. Kisha wakanigeukia mimi.

Shangazi akaniita bila kupandisha sauti. "Ndoo ukae hapa. Ukipenda, tueleze. Si lazima."

Nikaeleza yote. Bi Tima alinitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika, na nilishukuru kuyapata. Shangazi aliinuka akaenda kuchemsha kahawa, na alikuwa akitembea kama zamani, hakurudi kuutazama mlango.

Sasa nyinyi wenye vyeti vya wiki sita, nawausia. Mashine inayofanya kazi iacheni ifanye. Mkiambiwa madereva si ya lazima, msiyatie. Mkiharibu, mwiteni fundi, na mkikosa, semeni siku ile ile, kabla hamjamfanya mzee wa watu aamini amerukwa na akili kwa ajili ya fahari yenu.

Shangazi ameanza daftari jipya, na foleni ya wanawake imerudi mlangoni kwake. Mwezi huu anaolewa binti wa kaka yangu. Sisi wa nyumbani hatualikwi, sisi ndio wenye harusi, daftarini hatuandikwi. Juzi nililetewa bahasha. Ndani mna mwaliko ulioandikwa kwa mkono wa shangazi, jina langu kamili na la baba yangu kama anavyoandikiwa mtu wa mbali, na chini yake: "Ukipenda, njoo. Si lazima."

Nimeusoma mara nyingi. Mimi niliyezaliwa mji huu, niliyelelewa na mikono ile, sijui safari hii amekusudia nini.